Kuta za Kisima Chetu: Kwa Nini Tunachangia Mabomba Hadi Mwamba Mzima

Maelezo ya Kamati ya Maji kwenye harambee ya mwaka



Mwaka huu tumeulizwa sana: kwa nini kamati haikuchukua bei ya chini? Tofauti kubwa ni moja, nayo ni urefu wa mabomba ya kuzuia kuta za kisima. Tunaomba tuieleze.

Ardhi yetu ni ya matale. Mawe makubwa tunayoyaona juu ndiyo yaliyo chini ya mashamba yetu, ila huko yamefunikwa na tabaka la mwamba uliooza, uliogeuka mchanga na udongo. Ukichimba shimo, unaondoa mwamba uliokuwa umebeba mzigo. Mzigo hauondoki, unahamia kwenye kuta. Hapo mgandamizo wa pembeni huongezeka mara 2, na hukaribia mara 3 pande zisipobanwa sawa.

Je, ukuta utasimama? Kipimo kinachotumika kilianza na Mfaransa Coulomb mwaka 1773, kikaendelezwa na Mjerumani Otto Mohr mwaka 1900. Kinasema mwamba hujishikilia kwa nguvu mbili: kushikamana kwa chembe zake, na msuguano unaokua kadiri unavyobanwa. Panga matofali manne, yabane ncha zote mbili kwa mikono, utayainua. Legeza, yote yanaanguka. Ukuta wa kisima umelegezwa upande wa shimoni.

Tupige hesabu. Mita 30 chini, kila mita ya mraba hubeba takriban tani 60. Mgandamizo wa pembeni ukifikia kiasi hicho, ukutani unakuwa tani 120 au zaidi. Jiwe zima la itale huweza kustahimili zaidi ya tani 10,000, kwa hiyo halitikisiki. Mwamba uliooza kabisa huweza kushindwa hata kabla ya tani 100. Ndiyo maana shimo lile lile husimama imara chini na kubomoka katikati.

Pampu nayo ina mchango wake. Maji yaliyomo kisimani huusukuma ukuta na kuushikilia. Yakivutwa haraka, msaada huo unapungua, huku maji yaliyobaki ndani ya mwamba yakisukuma kuelekea shimoni.

Wote mnakijua kisima cha kwanza. Mkandarasi aliishia na mabomba katikati ya mwamba uliooza. Kiangazi cha pili ukuta uliporomoka, pampu ikafukiwa, na mama zetu wakarudi kuchimba mchanga mtoni.

Bei ya chini mnayoiulizia inarudia mpango ule ule. Tuliyoichagua inateremsha mabomba hadi yaingie kwenye jiwe zima, inaweka mabomba ya chujio penye maji na changarawe kuyazunguka, na inapima kisima kwa kuvuta maji kabla ya kuchagua pampu.

Ndugu zetu, fedha ya ziada tunayoiomba leo itazama ardhini, na hakuna atakayeiona wala kuipiga picha siku ya uzinduzi. Lakini ndiyo itakayoamua kama maji yatafika kiangazi cha pili, cha tano na cha kumi. Anayeweza bomba zima, achangie bomba. Anayeweza mita moja, mita moja ni ukuta uliosimama.

Karibuni mezani kwa mweka hazina.