Kabla ya Kuvuka Kwenda Visiwani

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi, Zanzibar, ikielekea Pemba. Ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake, na mamia hawakufika. Julai 2012, MV Skagit ikazidiwa na upepo na mawimbi karibu na kisiwa cha Chumbe.

Usalama wa msafiri basi huanzia bandarini. Hukata tiketi yenye jina lake, huuliza jaketi la kuokolea limewekwa wapi, na akiona chombo kimeelemewa, hushuka. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, bahari huchafuka. Anayesumbuliwa na kichefuchefu hula chakula chepesi na kukaa katikati ya chombo.

Nchi kavu nako kuna hatari zake. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya nyama hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga.

Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijaisha. Mbu wake huuma usiku: chandarua. Mbu wa homa ya dengi huuma mchana: nguo ndefu na dawa ya kujipaka.

Anayeharisha aanze mapema kunywa maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Msafiri akipandwa na homa, hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, akapimwe malaria na amweleze daktari alikotoka.