Tufundishe watoto sudire, ao tununue mbuzi?

Maneno ya kamati mbele ya wanachama na wageni, mukutano wa Kingi



Katika mukutano uliopita, baba mumoja alisimama akatoa ulizo ambalo kamati haikuweza kujibu palepale. Alisema: "Munataka kutoa feza ya sanduku tufundishe watoto kuunga vyuma, ile sudire. Lakini mutoto wangu amenionyesha video kwenye simu: kiwanda kizima, roboti tu njo zinaunga magari, hakuna mutu. Sasa kazi hiyo si inakufa? Si afazali tununue mbuzi?" Watu walicheka, lakini ulizo ni la kweli. Feza ile ni jasho letu. Leo tunajibu.

Ile video haidanganyi. Mwaka 1961 kampuni ya General Motors, huko Marekani, iliweka kazini roboti ya kwanza ya kiwanda, ya kutoa vipande vya chuma vyenye moto. Mwaka 1969, katika kiwanda chao cha Lordstown, roboti zilikuwa zinaunga miili ya magari. Gari moja lina alama elfu kadhaa za kuungia. Mukono wa roboti unabana vipande viwili vya bamba katikati ya ncha mbili za shaba, unapitisha umeme mukali kwa muda mufupi kuliko sekunde moja, chuma kinayeyuka pale katikati na kushikana. Kisha unaenda kwenye alama nyingine. Hauchoki, hausinzii. Kwa kazi ile, hakuna kijana wetu ataushinda.

Lakini tuangalie roboti inataka nini. Inataka umeme usiokatika. Inataka vipande vyote vilingane, na kazi ileile mara elfu na elfu. Sasa sisi tuliporudi, tulikuta nini? Mulango mumoja hauna bawaba, mwingine umekatwa nusu. Kadre ya pikipiki imevunjikia kwenye matope. Mulini umepasuka mguu. Jembe, kitanda, baiskeli ya kilema. Hakuna vitu viwili vinavyofanana. Roboti haitajua ianzie wapi. Fundi yeye anaangalia, anakwangua kutu, anapunguza umeme ili asitoboe chuma chembamba, anaanza. Kazi hiyo haijakufa. Iko inangoja watu.

Kuna jambo la pili, na hili njo lilitushangaza sisi wenyewe katika kamati. Mashini za sudire za zamani zilikuwa nzito sana, zimejaa nyaya za shaba. Za sasa, fundi anabeba kwa mukono mumoja, na zingine zinakubali grupu ndogo. Sababu iko ndani: kuna kibao chenye vipande vidogo vya elektroniki vilivyoshikizwa kwa etani. Kiwandani mashini moja inapaka uji wa etani kwenye kibao, nyingine inapanga vipande, kisha kibao kinapita ndani ya tanuru. Etani yenyewe inayeyuka kwa digrii 232; ikichanganywa na feza na shaba kidogo, inayeyuka karibu na 217. Ikipoa, inashika. Hiyo nayo ni sudire, na inafanywa na mashini. Kumbe mashini zile tunazoogopa zimesaidia fundi wa kijiji apate chombo anachoweza kubeba.

Na etani inatoka wapi? Inatoka katika kasiterite, mawe yale tunayoyajua. Karibu nusu ya etani ya dunia inaishia katika kazi hiyo ya kushikiza. Mugodi wa Bisie, kule Walikale, ni kati ya ile yenye etani tajiri kuliko yote duniani. Vita vilipoukaribia mwezi wa tatu 2025, ukafungwa kwa wiki chache, na bei ya etani ikapanda hata katika soko la London. Koltani ya Rubaya, hapa Masisi, inatoa tantale inayotumiwa katika vipande vidogo vya kutunza umeme kwenye vibao kama hivyo.

Basi jiwe linaondoka kwetu ndani ya gunia, linarudi kama mashini ndani ya karatoni. Siku mashini ikiungua kibao, tunaitupa, kwa sababu hakuna anayejua kuifungua. Hapo njo tunapoteza mara mbili.

Kwa hiyo kamati inaomba mukubali mambo matatu. La kwanza, mafunzo yaendelee. La pili, kila mwanafunzi ajifunze kuunga kwa njia mbili: kwa bagete, na kwa etani, ili aweze kutengeneza mashini yake mwenyewe. La tatu, asiwepo atakayewasha moto bila kinga ya uso. Kijana wetu mumoja alianza kwa miwani ya jua; usiku ule hakulala, macho kama yamejaa muchanga. Tulikosea sisi, si yeye.

Wafazili wetu, hatuombi roboti, wala mashini kubwa. Tunaomba kinga za uso, gani za ngozi, bagete, mafuta ya grupu, na posho ya mwalimu. Hatuahidi kwamba kila kijana atatajirika. Tunaahidi kwamba kila atakayemaliza ataanza kwa kutengeneza bila malipo milango ya wajane na wazee waliorudi, na hesabu ya vifaa itasomwa hapa mbele ya wote.

Na wewe baba uliyeuliza, tunakushukuru. Mbuzi tutanunua, zamu yake itafika. Lakini wezi bado wako, na utataka mulango unaofunga.