Saa za Usiku za Muuguzi wa Zahanati
(Mhadhara wa umma, Sumbawanga)



Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Sasa chukueni zahanati ya kijiji huku Ufipa yenye wauguzi wawili. Ili mmoja wao apatikane usiku na mchana, kila mmoja atabeba saa 84. Hizo ni saa 39 za ziada kwa wiki, yaani 156 kwa wiki nne: zaidi ya mara tatu ya kikomo cha sheria. Hapo hatujahesabu likizo, semina, wala siku muuguzi mwenyewe anapougua.

Nimetanguliza hesabu kwa sababu tumezoea kutanguliza sifa. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunamsifu muuguzi kwa moyo wa kujitolea, kesho yake tunamwacha tena peke yake.

Hakuna barua inayomlazimisha kufanya kazi usiku. Anakaa nyumba ya watumishi, jirani na zahanati, na mlango ukigongwa saa nane usiku hawezi kukataa. Ndugu wamemleta mjamzito kwa bodaboda, mwezi wa Julai, katika baridi ya huku juu mnayoijua. Uchungu ukishakolea, patografu inamtaka asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuyaandika. Mtoto akizaliwa, mama anatakiwa kuangaliwa kila dakika 15 katika saa za mwanzo, maana damu ikianza kumwagika haingoji mtu. Akifika mjamzito wa pili usiku huohuo, mmoja wao atakosa kuangaliwa kwa wakati. Kukicha, akina mama wa kliniki wamekwisha kupanga foleni, na mchoma chanjo ni yuleyule.

Wazee nao wanamtegemea. Kwetu mzee huuguzwa nyumbani na watoto na wajukuu. Lakini presha yake inapimwa zahanati, na muuguzi anayempima ni huyo aliyekesha.

Tumefikaje hapa? Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lilikuwa lengo jema, na wananchi walijitolea nguvu zao kupandisha kuta. Watumishi hawakuongezeka kwa kasi ya majengo. Ikama ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 iliitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Mwaka 2016 ajira serikalini zikasitishwa. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ukawaondoa watumishi 9,932 nchi nzima, wa afya wakiwemo. Ajira zilifunguliwa baadaye, ila watu wa mkoa wetu wa Rukwa hawakuacha kuongezeka: 1,004,539 kwa sensa ya 2012, 1,540,519 kwa ile ya 2022.

Wapo watakaosema kuwa kungoja kuitwa si kazi, na kwamba sheria inaruhusu kazi ya dharura. Nakubali kwamba kuna usiku muuguzi analala hadi asubuhi. Lakini hawezi kusafiri kwenda kuzika, hawezi kuzima simu, hawezi kulala fofofo. Na dharura inayojirudia kila wiki ilipaswa kupangiwa mtu na kutengewa fedha tangu mwanzo wa mwaka. Kuiita dharura ni kumtoza muuguzi deni la halmashauri.

Waheshimiwa madiwani wa Sumbawanga, Kalambo na Nkasi, ombi langu ni hili. Kila saa ya usiku iandikwe katika daftari la zamu, na jumla yake isomwe kwenye baraza kabla ya kupitisha bajeti. Na msikubali kuzindua wodi ya wazazi ambayo haina wakunga wanne kwenye orodha ya mishahara, maana saa 168 kwa saa 45 za kila mmoja zinataka watu wanne.