Siku ya Kuzaliwa na Siku ya Ubatizo katika Vitabu vya Parokia

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu wa Nzilo kwa sikukuu ya yubile



Tangu yubile ilipotangazwa, watu wanaomba vitabu vya zamani vifunguliwe. Mmoja anatafuta mwaka wa kuzaliwa wa babu yake; mwingine anataka kujua nani aliyetangulia kuzaliwa kati ya baba yake na baba mdogo, maana jamaa imegawanyika juu ya neno hilo. Ombi ni jema. Lakini tujue kwanza kitabu kiliandikwa kwa kusudi gani.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 777, ilimwamuru paroko kuandika majina ya wabatizwa, mbatizaji, wazazi na wasimamizi, pamoja na mahali na siku ya ubatizo. Siku ya kuzaliwa haikutajwa. Ni Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 877, inayodai siku na mahali pa kuzaliwa viandikwe vilevile. Kweli, mapadri wengi wa zamani waliandika kuzaliwa pia, lakini hilo walielezwa tu. Ubatizo waliuona kwa macho. Mistari miwili ya ukurasa mmoja haina uzito mmoja. Na mkikuta mbele ya mwaka neno la Kilatini « circa », maana yake ni « yapata »: padri alikadiria.

Tuwaze ndugu wawili. Mmoja alitoka kijijini kutafuta kazi ya Union Minière, akafuata mafundisho ya ukatekumeni miaka mingi, akabatizwa mtu mzima katika mkesha wa Pasaka, tarehe 31 Machi 1956. Mdogo wake alibatizwa misioni akiwa mtoto mchanga, mwaka 1940. Asomaye mbio atasema mdogo ndiye mkubwa, tena kwa miaka 16! Na kama karani wa Leta alinakili siku ya ubatizo kuwa siku ya kuzaliwa, mzee wa watu ataingoja pensio yake mpaka meno yaishe.

Vilevile watoto wengi wa kijiji kimoja waliobatizwa siku moja si lazima wawe wa umri mmoja: siku hiyo Padri alipita katika safari yake. Nayo tarehe 1 Januari katika kitambulisho, mara nyingi inaonyesha kwamba mwaka peke yake ulijulikana, au ulikisiwa.

Majina nayo yanapoteza njia. Tangu mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristu, nayo yalirudi mwaka 1990. Basi aliyeitwa Petro kitabuni hana Petro katika karatasi za Leta za miaka ile. Tafuteni kwa majina ya baba na mama. Someni pia pembeni mwa ukurasa, ambapo ndoa huandikwa. Kwa mahali, kumbukeni kwamba Elisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, na Delcommune ndiyo Nzilo yetu hii.

Kitabu kikipotea, msikate tamaa mapema. Sheria ile ya 1917 ilitaka nakala ipelekwe kwa Askofu kila mwisho wa mwaka. Lakini jimbo la Kolwezi liliundwa mwaka 1971 tu. Kwa miaka ya mbele yake, ulizeni pia kwenye majimbo ya zamani.

Pale karatasi zinaponyamaza, waulizeni akina mama wazee, lakini si mwaka. Ulizeni: reli ya Tenke na Dilolo ilipomalizika mwaka 1931, mtoto huyu alikuwa anatambaa au anachota maji? Ukuta wa kuzuia Lualaba ulipojengwa hapa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mgongoni au kazini? Na kwa wale wanaobishana juu ya ukubwa, swali moja linapita yote: nani aliachishwa ziwa kwa sababu ya mimba ya nani? Hilo mama hasahau, hata kama hajui kusoma hesabu za miaka. Liandikeni pamoja na jina la aliyelisema na siku aliyolisema, kisha lilinganisheni na kitabu. Bibi zetu wengine wako kwenye viti vya mbele leo.