Mlete Mtoto Maktaba

Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1931, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ilibaki ya Wazungu hadi 1958. Leo mlango uko wazi kwa wote, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyokarabatiwa kwa juhudi za shirika la Book Bunk, yako mtaani kabisa, karibu na nyumba za watu. Humo watoto husomewa hadithi bila malipo. Mzazi, usimwache mtoto mlangoni ukaenda zako. Keti naye, msikilize pamoja, hata kama wewe mwenyewe kusoma kunakupa taabu; hadithi ikisomwa kwa sauti humfikia kila mtu. Wiki hii piteni, mkamwulize mkutubi ratiba ya watoto.