Asili na Maana ya Neno "Rule"

(Hotuba fupi mbele ya wahitimu na wanafunzi, Mngeta)



Nimeombwa niseme machache juu ya Kiingereza. Nimechagua neno moja tu, ambalo mimi, mtumishi wa Serikali, hukutana nalo mezani kila siku: rule.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, regula, yaani kijiti kilichonyooka. Katika kijiti hicho hicho limetoka neno rail, ndiyo reli yetu. Kwa hiyo rula mliyo nayo mkobani na reli ya TAZARA ipitayo hapa Mngeta, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ni ndugu wa tumbo moja. Hata neno letu kanuni, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, asili yake ni Kigiriki, na huko nako lilikuwa fimbo iliyonyooka.

Sasa matumizi. Likiwa jina, rule ni kanuni. As a rule ni "kwa kawaida". Likiwa kitenzi, ni kutawala, au kupiga mstari. Na ruler ni rula, tena ni mtawala. Katika mtihani, someni kwanza sentensi nzima.

Ndugu zangu, wengi tumeshika maana ya kutawala, tukaisahau ya kijiti. Utamsikia mtu ofisini akisema, "Hiyo ndiyo kanuni," kumbe anataka kusema, "Mimi ndiye mkubwa." Kijiti hakijui mkubwa wala mdogo. Mstari wangu ukipinda kitauonyesha, na wako vile vile.

Tuutazame mpunga wetu. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hata hivyo wapo wanunuzi wanaodai lumbesa, gunia lililovikwa kilemba. Mkulima akikubali, hulipwa bei ya gunia moja, na kile kilemba kinakwenda bure. Kanuni ipo, anayehitajika ni mtu wa kuisimamia pale penye mizani, mbele ya muuzaji na mnunuzi.

Wadogo zetu, kesho baadhi yenu mtakuwa makarani, mahakimu na maafisa watendaji. Mkikabidhiwa rula, pimieni, msiwachapie watu.