Kumwongoza Mwenzako Mbioni

Msikilizaji mtukufu, wewe uliyeazimu kukimbia mbio za Kilimanjaro kule Moshi, si kwa tamaa ya zawadi bali kwa siha na kwa kumsindikiza sahibu yako aliye mgeni wa mbio, tafadhali tega sikio. Anayeongoza mwendo hufuata uwezo wa mwenzake, wala si uwezo wake mwenyewe.

Mbio zinapoanza, umati ukitimka kwa vifijo, nafsi humhadaa mtu aende kasi. Nawe mzuie mwenzako, kwani nguvu atakazozifuja mjini atazitafuta kwenye mwinuko wa kuelekea Mweka asizione.

Msemeshe. Akikujibu kwa maneno kamili pasi na kutweta, mwendo ni sawa. Akijibu neno moja moja, punguzeni. Nasema tena: akishindwa kusema, punguzeni. Kimbia ubavuni pake, usimtangulie hatua mbili ukawa wageuka kumtazama, maana huko, kwa rai yangu, ni kumsukuma. Kwenye meza za maji, tembeeni, mnywe taratibu. Na akilalamikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, msimamishe papo hapo, uwaite watu wa huduma ya kwanza.